Kiti Kitupu Kwenye Kamba

Maduka ya kuazimisha kanda za sinema yalikuwa mengi wakati huo, na yote yalijaza rafu zao ngumi, bastola na magari yanayoruka madaraja. Duka la Mjomba nalo lilikuwa hivyo hivyo, isipokuwa rafu moja iliyo karibu na dirisha, ambayo mpwa wake aliomba aachiwe aipange mwenyewe. Humo aliweka filamu za watu wa kweli: watu waliokuwepo hasa, wenye majina yao na nyumba zao, waliofuatwa na kamera wakiishi maisha yao. Mjomba alipoziona mara ya kwanza alicheka mpaka akashika mbavu.

"Nani atakuja kuazima watu wanaoishi tu? Majirani si wapo, tena bure!"

Lakini watu walikuja. Walikuja kwa sababu msichana yule alikuwa na kipaji cha kumpa kila mtu filamu inayomfaa, kama daktari anavyotoa dawa. Wateja wakambandika jina la Dada Kanda, na jina likamkaa kuliko lile alilopewa na wazazi.

Siri ya kipaji chake ilikuwa hii. Hakumwuliza mteja kama ameipenda filamu, maana watu hudanganya kwa adabu. Alichokifanya ni kuiingiza kanda kwenye deki ya dukani kama ilivyorudi, na kuangalia imesimama wapi. Ukutani palikuwa na bango la Mjomba linalosema RUDISHA KANDA MWANZO KABLA YA KUILETA, lakini wateja walilipita kama hawakusoma, na Dada Kanda alifurahi kimoyomoyo. Pale mtu alipoizima kanda, ndipo moyo wake ulipogota. Mshonaji mmoja mjane aliiacha filamu ya wafuga nyuki vipofu pale mzee mmoja alipokuwa akimsuka mkewe nywele. Safari iliyofuata Dada Kanda alimpa filamu ya wazee waliofungua shule ya dansi ukubwani, na mshonaji akairudisha na macho mekundu na tabasamu pana.

Mteja mmoja tu ndiye aliyelitii bango. Huyo alikuwa Fundi Lifti, aliyetengeneza lifti za maghorofa marefu ya mjini, mwanamume mpole wa ovaroli la bluu, mwenye mikono iliyojaa makovu madogo madogo. Kanda zake zilirudi mwanzo kabisa, tena zimefutwa vumbi. Dada Kanda hakuweza kumsoma hata kidogo.

"Wewe ni mlango uliofungwa," alimwambia siku moja. "Sijui nikupe nini."

"Si uniulize?"

Basi akawa anamwuliza, naye akawa anajibu, na majibu yakawa marefu. Alikuja Jumatatu, akaja Alhamisi, halafu akawa anakuja hata kama filamu aliyoichukua hajaiangalia. Siku alipotaka kujua Dada Kanda anazisomaje nyoyo za watu, naye akamfichulia siri ya kanda, Fundi alicheka kwa aibu.

"Kumbe miezi yote hii najifunga mwenyewe!"

Nyumbani mambo hayakuwa rahisi. Mama alisikia habari za Fundi kutoka kwa Mjomba, asiyeweza kuweka siri hata kwenye kopo lenye kifuniko. Alimsikiliza kaka yake mpaka alipofika kwenye neno lifti, akainua mkono.

"Anafanya kazi juu? Ananing'inia kwenye kamba? Basi. Simtaki."

Hakuna aliyemlaumu. Mumewe, baba yake Dada Kanda, alikuwa mpaka rangi wa maghorofa, na kamba ndiyo iliyomchukua. Tangu siku hiyo Mama hakuwahi kupanda ngazi zaidi ya zile za kibarazani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kisha Fundi akaitwa kazini mbali, kwenye mgodi ulio mwisho wa reli, kutunza lifti inayowashusha wachimbaji ardhini. Kazi ya mwaka mzima. Alipomweleza Dada Kanda, binti alikuwa ameshika kanda aliyomchagulia siku ile, filamu ya watu wanaoishi pande mbili za korongo refu lisilo na daraja. Walivuka kwa kiti cha mbao kilichoning'inizwa kwenye kamba ya chuma.

"Nimekutafutia ndugu zako," alikuwa amepanga kumwambia, kwa utani. Badala yake aliuliza kwa sauti ndogo, "Na huko unakwenda peke yako?"

Fundi aliipokea kanda. Aliigeuza mkononi, akamtazama, akaitazama tena kanda.

"Nitakujibu nikiirudisha hii."

Siku aliyoirudisha, Dada Kanda alikuwa kitandani na homa. Mama ndiye aliyekaa dukani kumshikia zamu. Binti alipopona alikuta rafu zinang'aa, na kanda zote zimerudishwa mwanzo, moja moja. Akatabasamu, maana aliujua mkono wa mama yake. Ya Fundi hakuifikiria mara mbili. Ya Fundi ilikuwa ikija hivyo siku zote.

Alipotokea tena, walisimama wakitazamana juu ya kaunta.

"Uliipata kanda?" Fundi aliuliza.

"Niliipata."

"Basi?"

"Basi," alijibu Dada Kanda, akingoja aambiwe.

Fundi aliinamisha kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea habari alizozitarajia. Akaaga kwa adabu, akatoka. Dada Kanda alibaki ameshika kaunta kwa mikono miwili. Kwa hiyo hilo ndilo jibu, aliwaza. Anakwenda peke yake.

Tangu hapo usingizi wake ukawa wa mang'amung'amu. Mchana alimtafuta kwa macho katika kila ovaroli la bluu lililopita nje ya dirisha, na dunia, kumbe, imejaa maovaroli ya bluu.

Siku ya safari ilifika. Ilikuwa alasiri ya jua kali, feni inazunguka kivivu darini, na Mama alikuwa amekuja kumletea binti yake chakula. Kwa kuwa hakujua kukaa bure, alichukua tambara akawa anafuta rafu za nyuma. Kengele ya mlangoni ikalia. Fundi Lifti akaingia, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, begi la safari begani.

Moyo wa Dada Kanda ulipiga kwa nguvu hata akahisi utasikika rafu za nyuma.

"Umekuja kuaga."

"Nimekuja kuaga, na kuomba kanda moja ya kwenda nayo. Nitairudisha mwakani. Mjomba atanisamehe kuchelewa?"

"Mjomba atakulilia wewe kuliko kanda. Huko kuna deki?"

"Ipo kambini. Nimeambiwa kila Jumamosi wanaangalia ngumi."

"Watakufukuza ukiwaletea watu wangu."

"Acha wanifukuze. Nichagulie."

Dada Kanda aligeukia rafu yake ya dirishani. Alishukuru kupata mahali pa kuficha uso. Vidole vyake vilipita juu ya makasha bila kusoma.

"Kuna hii ya kijiji kinachozungumza kwa mluzi. Mtu anamwita mkewe kutoka mlima wa pili, naye anasikia."

"Umbali gani?"

"Mlima wa pili tu. Mgodini kwako hausikiki." Akairudisha. "Kuna hii ya kina dada watatu wanaotunza stesheni isiyopitiwa na treni. Kila asubuhi wanafagia, wanamwagilia maua, wanapaka chaki ukingoni."

"Kwa nini?"

"Waliulizwa hivyo hivyo. Mkubwa wao akasema, 'Ikipita tusije tukaaibika.'"

Fundi alitikisa kichwa. "Hiyo itaniua," alisema.

"Na hii? Watu wanaohamisha nyumba zao mabegani kila mwaka, ukuta kwa ukuta. Kila mmoja hubeba mlango wa jirani, si wa kwake. Ndiyo desturi yao."

"Hiyo nzuri. Nipe hiyo." Akasita. "Mradi isiwe ile ya korongo. Ile niliielewa."

"Uliielewaje?"

"Kwamba kiti kilirudi kitupu."

Dada Kanda aligeuka. "Kiti gani?"

"Usinifanye niseme, Dada Kanda. Treni yangu ni ya jioni, nataka nipande nikiwa na uso wangu."

"Fundi. Kiti gani?"

Fundi aliongea akiiangalia kaunta.

"Kwenye ile filamu. Mwanamume wa ng'ambo akitaka kuoa, anakipeleka kiti kikiwa kitupu mpaka upande wa msichana. Msichana akikubali, anakaa, anavutwa. Akikataa, anakisukuma kirudi vile vile. Mimi nikasimamisha pale kiti kiko katikati ya korongo, hakina mtu. Nikaitoa kanda, nikaileta hivyo. Nilijua utaiona. Ni wewe uliyeniambia unatusoma tunapogota." Alijaribu kucheka. "Maisha yangu yote sijawahi kulivunja bango la Mjomba. Siku nimelivunja, nikakuuliza basi, ukasema basi."

"Kanda ilikuwa mwanzo," alinong'ona Dada Kanda.

"Haikuwa mwanzo."

"Nakuapia, niliikuta mwanzo! Nikadhani umenyamaza. Nilikuuliza swali, wewe ukanyamaza!"

Nyuma ya rafu kitu kilianguka. Lilikuwa kopo la maji ya kufutia. Mama alijitokeza, tambara limemlowa mkononi, uso umemsawijika.

"Ni mimi," alisema. "Mungu wangu, ni mimi niliyezirudisha. Nilisoma bango lile nikasema, watu hawa wanamchosha mwanangu, nimpunguzie kazi akirudi apumzike. Nikarudisha zote. Nilikaa mpaka kidole kikauma."

Hakuna aliyejua pa kutazama. Dada Kanda alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Hapo hapo mlango ukafunguliwa, na mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani akaingiza kichwa.

"Dada Kanda, ile ya mabondia imerudi?"

"Haijarudi!" walijibu wote watatu, na mwalimu akaufunga mlango upesi kuliko alivyoufungua.

Fundi alijinyoosha shati. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Mama alimkazia macho, na taratibu uso wake ukabadilika. "Ngoja. Mbona nakufahamu? Wewe ndiye uliyekuja siku ile, feni hii inanipuliza macho mpaka yanatoa machozi, ukapanda kiti ukaigeuzia upande wa pili. Wala sikukuomba."

"Nilikuona unajifutafuta, Mama."

"Nilirudi nyumbani nikamwambia huyu mgonjwa wangu, leo nimemwona kijana wa watu, ana malezi. Nilisema au sikusema?"

"Ulisema," alijibu Dada Kanda. Alikumbuka. Alikuwa na homa wakati ule, akaitikia tu.

"Na wewe ndiye wa kamba?"

"Ndiye wa kamba, Mama."

Mama alivuta kiti cha Mjomba, akakaa kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kutoka mbali. Kwa muda alikuwa anakunja tambara lake, anakunjua, anakunja.

"Niwekeeni hiyo kanda," alisema mwishowe. "Kama nimeharibu, angalau nijue nimeharibu nini."

Wakaiweka. Wakaangalia wote watatu, Mama amekaa, wao wawili wamesimama pande mbili za kiti chake, hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Kwenye kioo cha televisheni korongo lilijitokeza, refu, mto ukimeta chini kabisa kama uzi wa sindano. Kamba ilivuka kutoka mwamba hadi mwamba. Mama alishika mkono wa kiti alipoiona, lakini hakufumba macho.

Bibi mmoja wa korongoni, kibogoyo, alikuwa akipaka kamba mafuta kwa kitambaa, kipande kwa kipande. Mtu wa kamera akamwuliza kama haogopi kuvuka. Bibi akacheka.

"Naogopa kila siku," alijibu. "Unadhani kwa nini naipaka mafuta?"

Mama alitikisa kichwa polepole. Kisha kiti kikatokea, cha mbao, kitupu, kikitetemeka kwa upepo, kikiendelea taratibu kuelekea upande ambao kamera haikuuonyesha.

"Ni hapa," alisema Fundi, kwa sauti ya chini.

Dada Kanda alibonyeza. Kiti kikasimama katikati ya kioo, na korongo lote chini yake. Alikitazama kwa macho ya mtu aliyeambiwa kwamba barua yake ilikuwa chini ya mkeka siku zote. Yale majuma yote aliyodhani amekataliwa, kiti hiki kilikuwa kimesimama hapa, kinamngoja yeye. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

Mama hakugeuka. Alizungumza akikitazama kile kiti.

"Kamba zako nani anazikagua?"

"Mimi mwenyewe, Mama. Asubuhi, kabla sijanywa chai."

"Na ukiamka umechoka?"

"Siku hiyo sipandi."

"Bosi akikuhimiza?"

"Wa kwanza alinihimiza. Kamba ilikuwa imechakaa, nikaifunga lifti, nikampa ufunguo, nikaenda zangu. Watu wa mgodini waliposikia, ndipo wakaniita. Wana watu wengi wa kushusha, na wengi wao wana watoto."

Mama alivuta pumzi ndefu. Feni ilizunguka. Nje muuza magazeti alipita akiita, sauti yake ikafifia.

"Baba yake huyu alikuwa hodari," alisema. "Alikuwa anapiga mluzi kule juu, nikipita chini namsikia. Hodari sana. Lakini kamba hakuipa muda, aliiamini tu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mimi sijasema ndiyo. Unasikia, kijana?"

"Nasikia, Mama. Sijasikia ndiyo."

"Lakini lile neno langu la kukataa nililisema kabla sijakuona. Nimezirudisha kanda za watu mwanzo bila kuombwa, sasa narudisha na hilo. Tuanze upya." Akanyanyua kidole. "Asubuhi unakagua, vizuri. Na jioni?"

Fundi alionekana kushangaa. "Jioni kazi imekwisha, Mama. Hakuna anayekagua jioni."

"Basi wewe kagua. Zamani ulikuwa huna mtu. Sasa huku kuna anayengoja."

Dada Kanda alipiga magoti kando ya kiti, akaegemeza paji la uso kwenye bega la mama yake, kitambo kifupi tu. Mama akampapasa kichwani kwa mkono ule ule wenye tambara.

Kisha Dada Kanda akainuka, akaichukua rimoti. Aliiachia kanda iende. Kiti kilifika mwambani, na msichana wa korongoni akatoka kwenye kundi la shangazi zake, akakishika, akakitikisa kwanza kama anayenunua meza, akakaa. Shangazi wakapiga kelele. Kamba ikavutwa. Msichana akaingia hewani, miguu ikining'inia juu ya mto, kanga yake ikipepea, na hakutazama chini. Alipofika katikati, pale pale kilipokuwa kile kiti kitupu, Dada Kanda akabonyeza.

Akaitoa kanda, akaitia ndani ya kasha, akamkabidhi Fundi kwa mikono miwili.

"Usiirudishe nyuma," alimwambia.

Mikono yao ilikutana juu ya lile kasha la plastiki, na hakuna aliyeharakisha kuuondoa wake. Dada Kanda aliyahisi yale makovu madogo madogo ambayo kwa muda mrefu aliyatazama tu. Alitamani kuuliza kila moja limetoka wapi. Mwaka mzima sasa angekaa nayo, akiyahesabu kwa kumbukumbu.

"Mwaka ni mrefu," Fundi alisema.

"Na korongo ni pana. Wanavuka."

"Nikifika kambini nitaisimamisha hapo hapo, Jumamosi, mbele ya wapenda ngumi wote."

"Watakupiga."

"Wanipige." Akatabasamu, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Mama, kwaheri. Nakwenda."

"Nenda na amani, mwanangu. Na ule njiani, usikae na njaa kwa haya." Mama akachukua bakuli la chakula alilomletea binti yake, likiwa bado halijafunuliwa, akalitia ndani ya mfuko na kumpachika mkononi. "Huyu nitampikia kingine."

Kengele ya mlangoni ililia mara moja. Dada Kanda alisimama dirishani, karibu na rafu yake, akaliangalia lile shati jeupe likipita mbele ya duka la viatu, likipita kinyozi, likisimama kungoja magari, likigeuka kumtazama, likivuka. Aliendelea kutazama hata lilipokwisha kupotea, kwa sababu kuondoka dirishani kungekuwa ndiyo mwanzo wa ule mwaka.

Nyuma yake Mama alikuwa akifuta maji yaliyomwagika. Alifuta, akasimama, akafuta tena.

"Hivi," alisema, kama mtu asiyejali sana, "yule msichana wa kwenye kiti, alifika ng'ambo?"

Dada Kanda aligeuka, akafungua mdomo.

"Ah! Usiniambie!" Mama alijiziba masikio, tambara likimchuruzikia shingoni. "Kanda si ameondoka nayo? Basi nyamaza. Atakuja aniambie mwenyewe."